KAMARI YA MASHINI: HAKUNA ILE NZURI YA KUCHAGUA

HOTUBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Tunamsifu, tunamwomba msaada, tunamwomba msamaha, na tunajikinga kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa matendo yetu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ahali zake, masahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mungu katika siri na katika wazi, na tuogope chakula cha haramu kuingia katika matumbo yetu na ya watoto wetu.

Ndugu waislamu, wababa, wamama na vijana. Juma lililopita, baada ya sala ya isha, kijana mmoja wa msikiti huu alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka. Amenipa ruhusa niseme jambo lake, ila jina lake halitajwi, na mtu asimtafute. Aliniambia: "Mwalimu, sikuja kuuliza kama kamari ni haramu. Nilisoma madrasa, ninajua. Nimekuja kuuliza mashini gani inalipa. Nataka kucheza mara moja tu, nirudishe pesa ya mama, kisha natubu."

Mama yake ni mtunza pesa wa likelemba ya wamama 12 wa soko. Kijana alitumwa apeleke franka 180,000 kwa mama ambaye zamu yake ilifika. Njiani alisimama mbele ya mashini iliyoko kwenye butiki moja ya kartie yetu. Alisema atacheza franka 1,000 tu. Ikaliwa. Akatia nyingine ili airudishe ile ya kwanza. Alipotoka pale, mfuko wake ulikuwa mtupu, na wale wamama walikuwa wangali wanangoja.

Ndugu zangu, ningeweza kumjibu kwa neno moja: haramu. Lakini yeye neno hilo analijua, na vijana wengi wanasema maimamu wanakataza kitu wasichokijua. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa redio na televisheni, mtu aliyefungua mashini hizo mara nyingi, akanifafanulia. Tena nikauliza wenye elimu ya hesabu. Leo nitawaeleza namna mashini inavyolipa, ili mtu asije kusema siku ya kiyama kwamba hakujua.

Kwanza, tujue ilikotoka. Mashini ya magurudumu matatu ilitengenezwa na fundi mmoja wa San Francisco, Marekani, jina lake Charles Fey, katika miaka ya 1890. Mtu anatia pesa, anavuta mkono wa chuma, magurudumu yanazunguka, na picha zikilingana analipwa. Tuseme kila gurudumu lina picha 10, na nyota ni 1 tu. Nyota tatu zitaangukia pamoja mara ngapi? Kumi mara kumi mara kumi: mara 1 katika 1,000. Sasa mwenye mashini akikuahidi kukulipa mara 500 ya pesa yako, wewe unaona utajiri, lakini yeye anajua kwamba kwa wastani atakusanya mara 1,000 kabla ya kutoa hizo 500. Hahitaji kuiba. Hesabu yenyewe inamfanyia kazi.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1984, mtu anayeitwa Inge Telnaes alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa mashini ambayo ndani yake kompyuta inachagua namba, na magurudumu yanafuata amri ya namba ile. Hapa ndipo jicho linadanganyika. Unaona gurudumu lenye nafasi 22, nawe unahesabu: 22 mara 22 mara 22, ni 10,648. Lakini ndani, kompyuta inaweza kuwa na namba 64 kwa kila gurudumu, na ile nyota kubwa ikapewa namba 1 tu. Basi 64 mara 64 mara 64 ni 262,144. Wewe unacheza na gurudumu unaloliona, na mashini inacheza na gurudumu usiloliona.

Tena zile nafasi zilizo karibu na nyota zinaweza kupewa namba nyingi. Ndiyo sababu unaona nyota imesimama juu kidogo ya mstari, au chini kidogo, nawe unapiga paja: "Ilibaki kidogo!" Ndugu yangu, haikubaki kidogo. Namba ilikuwa imekwisha kuchaguliwa ulipobonyeza kitufe. Yale mazunguko, taa na muziki ni maonyesho tu ya jambo lililokwisha.

Vijana wanasema: "Mashini hii imekula watu tangu asubuhi, sasa imeshiba, lazima itapike." Wengine wanasema tucheze jioni, au ile ya karibu na mlango, au ile mpya. Sikilizeni. Mashini ya namba za bahati haina kumbukumbu ya aliyekutangulia. Haina huruma kwa aliyepoteza, wala haimdai aliyepata. Aliyepoteza mara 100 na aliyefika sasa hivi wanasimama sawasawa mbele yake. Na zile mashini ndogo za taa zinazozunguka kwenye matunda, ziko ambazo mwenyewe anapanga ndani ni kiasi gani irudishe, kidogo au kidogo zaidi. Yeye ndiye aliye na ufunguo. Wewe una jetoni tu.

Sasa wako wanaosema: "Mwalimu, ziko mashini zinazorudisha 90 kwa mia, au hata 95. Si hizo ni nzuri?" Ni kweli, mashini hupangiwa kiasi cha kurudisha. Katika jimbo la Nevada huko Marekani, sheria inataka mashini irudishe si chini ya 75 kwa mia. Na New Jersey si chini ya 83. Kule wako wakaguzi wanaofungua na kupima. Hapa kwetu, kwenye butiki na nganda, nani kati yenu amewahi kuonyeshwa karatasi ya kiasi hicho?

Lakini tukubali, tuseme ni 90 kwa mia. Chukua franka 10,000, cheza franka 100 kila mara. Ukimaliza kuzipitisha zote mara moja, kwa wastani una 9,000 mkononi. Hutoki, kwa sababu umeona jetoni zinaanguka na unadhani unapata. Unazipitisha tena: 8,100. Tena: 7,290. Tena: 6,561. Tena: 5,905. Tena: 5,314. Mara ya saba: 4,783, chini ya nusu. Na kama mchezo mmoja ni sekunde 5, yote hiyo haikufika saa moja. Huo ni wastani wa watu wote: mmoja atatoka anacheka, wengi watatoka bila kitu, na anayecheka ndiye atakayewarudisha wote kesho.

Na ile ya 95? Mara nyingi mashini inayorudisha zaidi ndiyo inayotaka pesa kubwa zaidi. Inayochukua 10 kwa mia ya franka 100 inakula franka 10 kila mchezo. Inayochukua 5 kwa mia ya franka 1,000 inakula franka 50. Mtu amechagua mashini nzuri, na anaisha mara tano zaidi. Na ile inayotangaza zawadi kubwa inayopanda kila siku, inapanda kwa nini? Kwa sababu katika kila pesa inayotiwa kinakatwa kipande kidogo. Zawadi hiyo ni jasho la wenzako.

Basi nikamjibu yule kijana: "Mwanangu, umeniuliza ipi inalipa. Zote zinalipa, na zote zinalipa pungufu ya kile zinachopokea. Isingekuwa hivyo, mwenye mashini asingeileta." Na hesabu hiyo hiyo iko katika michezo ya simu. Kubadili chombo hakubadili kitu.

Ndugu waislamu, tazameni sasa hekima ya Mola wetu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, watu walipouliza juu ya ulevi na kamari, Mwenyezi Mungu hakukana kwamba mna faida fulani kwa watu, bali alituambia kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Kwa hiyo ukimwona jirani ameshinda na kununua simu mpya, usitikisike. Qurani ilikwisha kulisema hilo. Kisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, kamari imewekwa pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya ramli, ikaitwa uchafu wa kazi ya shetani, na tukaelezwa anachotaka shetani: kutia uadui na chuki kati yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mungu wala kusali.

Waarabu wa ujinga walichinja ngamia, wakagawa nyama kwa mishale 10: saba ilikuwa na mafungu, mitatu ilikuwa mitupu, na wenye mishale mitupu walilipa bei ya ngamia. Tena walijisifu kwamba nyama ile waliwapa maskini. Hata hivyo Mungu aliharamisha. Sasa je, hii ya leo, ambayo inachukua kutoka kwa maskini na kumpa mwenye mashini?

Mtu anasema: "Mashini si mtu, sikumnyang'anya yeyote." Ukishinda kwenye mashini ile, pesa inayoanguka ni ya nani? Ni ya aliyecheza kabla yako. Juma lililopita ilikuwa pesa ya wamama 12 wanaouza sombe, ndagala na unga wa bugali juani. Mwingine anasema: "Hata biashara ina bahati." Ndiyo, mwenye makala anaweza kupata hasara. Lakini akiuza, yeye amepata pesa na wewe umepata makala ya kupikia. Wote wawili mmerudi nyumbani na kitu. Kwenye kamari mmoja hapati mpaka mwenzake akose.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu zangu, namna gani mtu atatoka katika jambo hili? Wanavyuoni wametufundisha masharti ya toba: kuacha sasa hivi, kujuta, na kuazimia kutorudi, na kama kuna haki ya mtu, kuirudisha. Kucheza mara moja tena ili urudishe si toba, ni dhambi nyingine imevaa kanzu. Hata aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari", Mtume (s.a.w.) alimwamuru atoe sadaka, kwa neno tu alilosema, kama alivyopokea Abu Huraira.

Yule kijana nilimpeleka kwa mama yake usiku ule ule. Mama alilia, na sitawaficha, yalisemwa maneno makali. Siku ya posho wamama wa likelemba walikaa kikao. Wamekubali alipe franka 10,000 kila juma, kwa majuma 18. Sasa anasukuma pusipusi sokoni tangu alfajiri. Malipo ya kwanza ameyatoa. Deni halijaisha, na aibu haijaisha, lakini amelala. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akabeba mzigo wa kuni mgongoni na kuuuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu. Kijana anayesukuma mzigo asichekwe katika kartie yetu.

Neno la pili ni kwenu wenye butiki. Mwenye mashini anakuja kila juma, anafungua sanduku, anahesabu, anawaachia fungu lenu. Mnasema, "Mimi sichezi, nimekodisha pembe tu." Aliyekodisha pembe anakula pamoja na mwenye mashini. Yuko mwenzetu mmoja mwenye mashini mlangoni kwake. Nilimwendea nyumbani kabla ya kupanda membari hii, na tumezungumza kwa wema. Simtaji, na ninangoja.

Na neno la tatu ni juu yangu mimi. Ramadhani iliyopita tulipokea sukari ya futari kutoka kwa pesa ya namna hiyo. Niliona mifuko, nikashukuru, sikuuliza. Hilo lilikuwa kosa langu, nami namwomba Mungu msamaha mbele yenu. Tangu sasa msikiti huu utauliza. Heri futari ya maji na ndizi.

Wazazi, waulizeni watoto pesa ya shule imefika kwa mwalimu, na mwone risiti. Wamama, pesa ya likelemba ipelekwe na watu wawili. Na wewe uliyekwisha kuingia ndani ya shimo hili, njoo. Mlango wangu uko wazi baada ya isha, kama ulivyokuwa wazi kwake. Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura ya At-Talaq kumfungulia njia anayemcha, na kumruzuku kwa namna asiyoitazamia. Ahadi hiyo haina mishale mitupu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze na halali yako, utuepushe na haramu yako. Ewe Mola, walinde vijana wetu, uwape kazi zenye baraka, uwalipie wenye madeni. Ewe Mola, uipe nchi yetu ya Kongo amani, uwarehemu waliotutangulia, uwaponye wagonjwa wetu. Amina.

Simameni tusali, Mungu awarehemu.