Wavu wa Tanuru na Swali la Sababu

Ndani ya tanuru la boila linalotumia makaa ya mawe, moto hulala juu ya wavu wa nondo za chuma cha kusubu. Chuma cha aina hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 1150 na 1250 za Selsiasi, kutegemea kaboni na vitu vingine vilivyomo. Moto wenyewe, pale unapokolea, huvuka nyuzi 1300, na hewa ikiwa nyingi hukaribia 1500. Kwa namba hizo peke yake, wavu haupaswi kumaliza hata zamu moja. Hata hivyo wavu uliosanifiwa vizuri hudumu miezi mingi, moto ukiwaka juu yake usiku na mchana. Fundi ana maelezo ya jambo hili, na maelezo yake yanaingia moja kwa moja katika ubishi wa karne tisa kati ya watu wa dini na wanafalsafa: je, moto huunguza kwa lazima, au huunguza kwa masharti?

Aliyelichokoa swali hilo kwa ukali kuliko wote ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), mzaliwa wa Tus huko Uajemi, ambaye jina lake si geni kwa waliosoma vyuoni Lamu na Unguja. Katika suala la 17 la kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095, anachukua pamba na moto. Watu huona pamba ikiguswa na moto, kisha huiona ikiwaka, na hapo hukata shauri kwamba moto ndio uliofanya kazi hiyo. Ghazali anasema macho hayakuona hivyo. Yalichokiona ni mambo mawili yakifuatana, mguso na kuungua, na kufuatana hakuthibitishi kwamba la kwanza limelizaa la pili. Mwenye kuumba kuungua ndani ya pamba ni Mwenyezi Mungu, ama mwenyewe ama kwa kupitia malaika. Moto hauna uhai, hivyo hauna tendo. Watu hutarajia kuungua kwa sababu ya ada: Mungu amelipitisha jambo hivyo siku zote, na nafsi zimezoea.

Kilichomsukuma ni miujiza. Qur'ani inasimulia jinsi Nabii Ibrahim alivyotupwa motoni asiungue. Kitabu cha Danieli katika Biblia kina kisa kinachofanana na hicho, cha Shadraka, Meshaki na Abednego katika tanuru la Nebukadreza, lililochochewa mara saba kuliko desturi yake. Ikiwa moto huunguza kwa lazima isiyovunjika, visa hivyo haviwezi kutokea, na msomaji atabaki kuvifanya mafumbo. Ghazali anaondoa kikwazo hicho kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo ile kali: mguso ulikuwepo, kuungua hakukuumbwa. Ya pili ni laini zaidi, na wanaomtaja juujuu huiruka. Humo anakubali kwamba moto una sifa yake, na kwamba pamba mbili zinazofanana zikiguswa na moto mmoja zitaungua zote. Ila sifa ya moto, au ya mwili ulioguswa, yaweza kubadilika. Anatoa mfano wa mtu aliyejipaka talki, akaketi ndani ya tanuri iliyowashwa, asidhurike. Ambaye hajawahi kuliona jambo hilo, anasema Ghazali, atalikana.

Nondo ya wavu iko katika hali ya mtu huyo. Talki yake ni hewa, ikisaidiwa na majivu. Kilo moja ya makaa ya mawe huhitaji kilo 11 au 12 za hewa ili iungue yote, na katika tanuru linalolishwa kwa sepetu kiasi halisi mara nyingi hufika 18 au zaidi. Hewa hiyo huingia kupitia shimo la majivu lililo chini, hupanda katika nafasi zilizo baina ya nondo, ndipo ikutane na moto. Ikipita hupangusa mbavu za nondo na kuondoka na joto lake. Juu ya nondo limelala tabaka la majivu, na sehemu kali ya moto iko sentimita kadhaa juu ya hapo. Ndiyo maana nondo isiyo na kasoro hubaki kwenye nyuzi mia chache tu, ilhali moto unaoweza kuiyeyusha uko umbali wa kiganja. Joto lililochukuliwa halipotei pia, kwani hurudi motoni pamoja na hewa ileile.

Umbo la nondo limefuata mahitaji hayo. Ikikatwa kwa msumeno kati kwa kati, sura yake ni ya kabari: ukingo wa juu una unene wa milimita 12 hadi 15 hivi, wa chini ni mwembamba zaidi, ili majivu yaliyokwisha kupenya yasikwame njiani na hewa ipate mlango mpana wa kuingilia. Kwenda chini ina kina cha milimita 75 hadi 100 katikati, na tumbo lake limeshuka kuliko ncha. Kina hicho hubeba uzito bila kupinda, na papo hapo hulipa joto njia ya kushuka kutoka ukingo wa juu hadi kwenye eneo kubwa linalopitiwa na hewa. Nafasi kati ya nondo na nondo, kwa makaa ya kawaida, ni milimita 10 au 12. Zikizidi, makaa madogo huanguka shimoni kabla hayajaungua. Zikipungua, hewa husongwa. Wasanifu wengine hutoboa nondo kwa ndani, hewa ikapita tumboni mwake na kutokea kwenye matundu ya ubavuni, na nondo hizo hupoa vizuri sana hadi siku majivu yatakapoyaziba matundu. Ncha nazo huachiwa pumzi. Nondo ya mita moja ikipanda nyuzi 500 hurefuka kwa zaidi ya milimita 5, na ikiwa imebanwa pande zote mbili haina pa kwenda isipokuwa kupinda.

Hayo yote yamesimama juu ya sharti moja, kwamba hewa isikatike. Majivu ya baadhi ya makaa, hasa yenye chuma na salfa nyingi, huyeyuka na kugandamana kuwa klinka, bamba zito linaloziba nafasi za wavu. Chini ya bamba hilo hewa haipiti, na nondo zilizo hapo hubaki na moto bila mtetezi. Mchocheaji mzoefu huinama na kutazama ndani ya shimo la majivu kabla hajafungua mlango wa tanuru. Panapong'aa sawasawa, moto wa juu ni safi. Palipo na giza, klinka imetanda. Makaa hai yakiachwa yarundikane shimoni, nondo huchomwa juu na chini kwa pamoja. Katika viwanda vya chai vya Kericho na Mufindi, ambako boila huchoma kuni, shida hutokea upande mwingine: kuni huacha majivu machache mno, kinga ya juu huwa nyembamba, na hewa hubebeshwa karibu kazi yote.

Hapa pana jambo ambalo Ghazali angelishika kwa mikono miwili. Hewa inayoipooza nondo ndiyo hiyohiyo inayoukoleza moto, yaani kitu kimoja kina matokeo mawili yanayopingana, katika nafasi isiyozidi urefu wa mkono. Wanafalsafa aliokuwa akijibizana nao walikuwa na mfano wa namna hiyo, wa jua linaloing'arisha nguo ya dobi na kuusawijisha uso wake. Walisema jua ni moja na tofauti imo katika vinavyolipokea. Ni jibu zuri, lakini anayelitoa amejifunga. Hawezi tena kusema tu kwamba moto huunguza. Itambidi aseme kwamba moto huunguza kitu chenye maumbile fulani, kilichofikia joto fulani, bila kizuizi fulani kati yao, na atakapodhani ameyataja masharti yote, tanuru litamwonyesha jingine.

Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198), kadhi na tabibu, alijibu karibu na mwaka 1180 katika Tahafut al-Tahafut. Kwake yeye, kitu kisicho na tendo lake mahususi hakina maumbile mahususi, na kisicho na maumbile hakitambulikani na kingine. Akili, kwa maoni yake, ni kule kuvijua vitu pamoja na sababu zake. Anayeziondoa sababu ameiondoa na akili yenyewe, na hana haki tena ya kudai kwamba anajua lolote. Kuhusu talki hana ugomvi. Anakubali kwamba kizuizi chaweza kuingia kati ya moto na mwili, ila kizuizi hakiuvui moto sifa ya kuunguza maadamu ungali moto. Hata kisa cha Danieli kinaweza kusomwa hivyo, kwa sababu ndimi za tanuru lililowaacha wale vijana watatu ziliwaua watu waliowatupa humo. Juu ya wavu hali ni hiyo kila siku: makaa yanateketea, na chuma kilicho chini yake kimesalimika, wala hakuna anayesema kwamba moto umebadilika.

Msanifu wa nondo halazimiki kuchagua upande kabla ya kuanza kuchora. Ghazali mwenyewe aliieleza kejeli ya wapinzani wake, kwamba kwa imani hiyo mtu aliyeacha kitabu nyumbani anaweza kurudi akakikuta kimegeuka kijana. Akajibu kwamba Mungu ametuumbia elimu ya kuwa hatalifanya hilo, ingawa analiweza. Fundi mwenye imani hiyo atapima nafasi zilezile, ataacha pumzi ileile kwenye ncha, na boila yake itatoa mvuke uleule.

Tofauti hujitokeza chuma kinapozeeka. Chuma cha kusubu kikipashwa sana na kupoa mara nyingi huongezeka ukubwa, na kikipoa hakirudi kilivyokuwa. H. F. Rugan na H. C. H. Carpenter walichapisha uchunguzi wa jambo hilo mwaka 1909. Karabidi ya chuma iliyomo huvunjika ikawa chuma na grafiti, ambavyo kwa pamoja hudai nafasi kubwa zaidi. Kisha oksijeni hufuata njia za grafiti na kukila chuma kutoka ndani. Mchocheaji anayeutazama wavu kila asubuhi haoni kitu. Kwa mwaka mzima ada inamwambia kwamba moto hauidhuru nondo. Mwisho wake nondo hupinda, ukingo wa juu huvimba na kubambuka magamba, ikigongwa kwa nyundo hutoa sauti butu, na kipande kimoja hudondoka shimoni. Mazoea yake yalimdanganya tangu siku ya kwanza, maana siku zote hizo nondo ilikuwa ikiungua polepole. Aliyejua yanayotendeka ndani ya chuma hakuhitaji kungoja, na ndiye aliyejua kuongeza kromiamu katika mchanganyiko ili karabidi isivunjike upesi na oksijeni ipunguziwe njia.

Mfuasi wa Ghazali ana la kujibu. Atasema kwamba kuvunjika kwa karabidi nako ni ada, iliyojificha ndani zaidi, na kwamba aliyeigundua amegundua kawaida ya Mungu katika chuma. Hakuna jaribio la maabara litakalompinga. Lakini ada isiyoonekana kwa jicho, inayopimika kwa namba, na inayotabiri mwenendo wa nondo ambayo bado iko kwenye karatasi na haijawahi kusubiwa, imesogea mbali na yale mazoea ya nafsi aliyoyazungumzia Ghazali. Mtu hana mazoea na kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hiyo iko karibu zaidi na kile ambacho Ibn Rushd alikiita maumbile, na kwa kazi ya tanuru hoja yake ndiyo nzito.

Kuhusu ulazima wenyewe, hukumu ni nyingine. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilirudia swali hili mwaka 1739 bila kumwingiza Mungu. Alitafuta kifungo kinachounganisha mwale wa moto na joto, hakukiona, akaishia kwenye mazoea ya akili. Kwa njia tofauti alifika mahali ambapo Ghazali alikuwa amesimama zaidi ya miaka 600 kabla yake. Watu wamejifunza mengi tangu wakati huo kuhusu kwa nini chuma huyeyuka na kwa nini husalimika, lakini dai la Ghazali kwamba kati ya mguso na kuungua hakuna ulazima wa kimantiki halijavunjwa hadi leo.