Wanyama Wasio wa Ayubu

Soma Ayubu 39:1–4. Kwa nini Mungu alimwelekeza mtu aliyefilisika kwa wanyama ambao hawakuwa wake?

Ayubu alijua hesabu ya mifugo yake: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng’ombe na punda 500 (Ayubu 1:3). Lakini Bwana hakumwuliza habari za hao. Alimwuliza kama ajua mbuzi-mwitu wa majabalini huzaa lini. Hao hawakuwa na mchungaji wala mnunuzi, lakini miezi ya mimba zao ilijulikana mbinguni.

Bonde la Kilombero lina mnyama anayeleta swali hilo karibu, ingawa haishi majabalini. Huyo ni sheshe, mnyama wa jamii ya swala mwenye rangi ya dhahabu. Kiangazi huyafuata maji yanaporudi mtoni, apate majani mabichi. Masika mafuriko humsukuma hadi pembezoni mwa bonde. Jike hubeba mimba kama miezi 8, huzaa mtoto mmoja na kumficha nyasini. Bonde hili limejulikana kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine duniani, na mwaka 2002 liliorodheshwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo, sheshe wamepungua sana. Kule pembezoni wanakokimbilia masika, mashamba ya mpunga na makundi ya ng’ombe yamekwisha kufika.

Je, mjane wa Ifakara anayetafuta ekari moja alishe watoto aambiwe kwamba mnyama ni bora kuliko wao? Hasha. Yesu alisema kinyume chake (Mathayo 10:31). Lakini Yesu huyo huyo alisema kwamba Baba humwona hata shomoro mmoja aangukapo.

Sasa soma Kutoka 23:10, 11. Katika mwaka wa saba shamba lilipumzika, maskini wakala, na walichobakiza kikaliwa na wanyama wa mwituni. Sheria haikuwagombanisha maskini na mnyama. Ilimwambia mwenye shamba azuie mkono wake. Mwenye uwezo anapolima hadi ukingo wa mto, mjane hukosa ekari na sheshe hukosa malisho.

Sabato huufundisha mkono uliozoea kuchukua uweze pia kuacha. Asiyeweza kuacha kitu hajakubali bado kwamba dunia ni mali ya Bwana.

Ni kitu gani ungeweza kukichukua bila kuzuiwa na mtu, lakini ukakiacha kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kukulipa?