Kitabu Feki, Msomaji Halisi

Wakenya hatusomi. Tumelirudia dai hili mpaka limekuwa kama methali. Lakini hebu pita Tom Mboya au Moi Avenue jioni watu wakitoka kazini, halafu uniambie ni nani ananunua vile vitabu vilivyotandazwa chini kwenye magunia. Atomic Habits iko. Rich Dad Poor Dad haikosi. Riwaya za Ngũgĩ na Chimamanda ziko. Mchuuzi habebi mzigo usiotoka. Mtu hawezi kukimbizana na kanjo wiki baada ya wiki kwa sababu ya bidhaa ambayo ati haina mteja.

Wasomaji tuko. Tatizo liko kwa kile tunachouziwa. Fungua baadhi ya hivyo vitabu uone: karatasi nyepesi, picha ya jalada imefifia, mistari imepinda, na ukurasa wa 112 unafuatwa na wa 129. Hiyo ni feki. Kuna mtu alichukua nakala moja, akaipeleka kwa mashine, akatoa mamia bila kumuuliza aliyeandika wala aliyechapisha. Inauzwa kwa bei isiyofika nusu ya ile ya dukani.

Kisheria hakuna mjadala, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilishamaliza hayo. Mimi nauliza swali la dhamiri. Msomaji asiye na pesa akinunua kitabu feki, amemkosea nani, na amemkosea vipi?

Jibu la haraka ni kwamba amemwibia mwandishi. Sawa, lakini ngoja kwanza. Mita chache kutoka hapo kuna zile tunaziita inama bookshop, ambapo unainama kuchagua kitabu cha mitumba. Ukinunua hapo, mwandishi hapati hata ndururu. Ukinunua feki, hapati hata ndururu. Mbona basi moja tunaiona biashara safi na nyingine tunaiita wizi? Kama kosa ni mwandishi kukosa mrabaha, basi zote mbili zina hatia, na pengine hata kuazima kitabu cha rafiki ni dhambi.

Halafu kuna utetezi ambao kila mtu ameusikia: "Mimi singenunua orijino hata hivyo. Sina hizo pesa. Kwa hivyo mwandishi amepoteza nini?" Si utetezi wa kipumbavu. Nikikuibia ng'ombe, zizi lako linabaki tupu. Nikitoa nakala ya kitabu chako, kitabu bado unacho, na kama kweli sikuwa mteja wako, mfuko wako uko vile vile.

Nadhani tunakwama kwa sababu tunalitafuta kosa mahali pamoja tu, yaani kwenye hasara. Tulitafute kwingine. Aliyekiuza kile kitabu cha mitumba alikuwa nacho, na sasa hana. Alichouza ni karatasi yake mwenyewe, ambayo ililipiwa siku ya kwanza. Mwandishi anajua tangu mwanzo kwamba nakala iliyouzwa itazunguka, itaazimwa, itaachwa kwa matatu, itaishia mikononi mwa mtu asiyemfahamu. Hiyo ni sehemu ya mapatano. Mchapaji wa feki haachi chochote. Anazalisha nakala mpya kutoka kwa kazi ya miaka mitatu ya mtu mwingine, na yule mtu hakuulizwa.

Tena fuata pesa. Kitabu feki si sadaka kwa maskini. Mwenye karatasi amelipwa. Mwenye mashine amelipwa. Wa gundi, wa mkokoteni, mchuuzi, pengine hata wa kuhongwa ili mzigo upite, wote wamelipwa. Watu wote wamekula isipokuwa aliyepika.

Naishi kwa kuandika makala, ile ya kulipwa kwa kipande, na pesa huja zikitaka. Siku moja nilipata makala yangu kwenye ukurasa wa mtu, neno kwa neno, jina langu limefutwa. Sikupoteza shilingi, nilikuwa nimeshalipwa. Lakini iliniuma, na ilinichukua muda kuelewa ni nini hasa kilichouma. Ni kutoulizwa. Ni mtu kuichukulia kazi yako kama mvua, kitu kinachoanguka tu.

Sasa tugeukie upande wa pili, manake ni rahisi sana kumhubiria mtu asiye na nauli. Tangu 2013 vitabu vinatozwa kodi ya VAT, asilimia 16. Serikali inayolia kwamba vijana hawasomi ndiyo inayoongeza bei ya kusoma. Mwaka wa 2018 ilianza kununua vitabu vya shule kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Wanafunzi wengi walifaidika, na hilo ni jema. Lakini duka la vitabu la mtaani lilikuwa linaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ilikuwa inakaa pale kwa hisani yao. Mengine yalibaki na madaftari na kalamu, mengine yakafunga. Maktaba nazo? McMillan ilifunguliwa 1931. Nairobi ya sensa ya 2019 ina watu zaidi ya milioni nne. Hesabu hiyo haitaki kikokotoo.

Je, hayo yanampa msomaji ruhusa? Hapa natenganisha udhuru na haki. Njaa inampa mwizi wa mkate udhuru. Haimpi haki ya kufungua duka la mikate ya wizi. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, kwa hivyo siwezi kumkemea mwanafunzi anayetaka kitabu kesho asubuhi, maktaba haina, na mfukoni ana mia mbili. Namwona kama mtu aliyebanwa. Lakini mwenye mashine hakubanwa. Anatumia shida ya huyo mwanafunzi kama mtaji.

Kuna pia suala la nani anayeumia. Kanuni ni ile ile kwa kila mwandishi, ila uzito haufanani. Mwandishi wa Marekani aliyeuza mamilioni hatasikia. Mkenya aliyechukua mkopo wa sacco akachapa nakala 500 anasikia kila moja. Ukirusha pdf ya riwaya yake kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, huenda umefikia karibu soko lake lote kwa kubonyeza mara moja. Na wewe hukuwa na njaa. Ulikuwa unataka kuonekana mkarimu, kwa mali ya mtu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Waliokufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, sheria yetu imewaachilia. Shaaban Robert alifariki 1962. Soma, nakili, gawa. Walio hai, anza na njia ambazo haziruki mtu: mitumba, kuazima, maktaba pale ilipo. Tena sisi ni watu wa chama. Tunachangia sufuria, matanga na harusi. Watu watano wakitoa mia tatu tatu, riwaya moja orijino inazunguka nyumba tano, na mwandishi amekula mara moja, kama ilivyokusudiwa. Wengi wao wanauza wenyewe kwa simu, M-Pesa ikiingia kitabu kinatumwa. Ukikosa kabisa, muulize. Wengine watakataa, lakini utashangaa ni wangapi watakuambia lipa ukipata.

Na ile asilimia 16 iondolewe. Ikibaki, tutaendelea kuwauliza wachuuzi wa Tom Mboya maswali ambayo yangepaswa kwenda Hazina ya Taifa.