Je, kuigiza ni kusema uwongo?

Baba mmoja anauliza: «Mtoto wangu anataka kwenda universite kujifunza kuigiza. Je, nitoe feza ili afundishwe kulia machozi yasiyo yake?» Swali hilo si la kucheka.

Kwanza, hayo ni masomo kweli. Huko Pittsburgh, Marekani, shule kubwa ya Carnegie ilianzisha idara ya michezo ya kuigiza mwaka 1914, nayo ikawa ya kwanza katika nchi ile kutoa digrii ya kazi hiyo. Mwanafunzi huzoeza sauti, pumzi, mwili na kumbukumbu.

Pili, mwongo huficha uwongo wake. Mwigizaji hafichi kitu: sisi tunaomtazama twajua kwamba mwenye taji si mfalme. Machozi si yake, lakini huzuni anayoionyesha ni yetu sote.

Hatari iko pengine. Digrii peke yake haileti kazi. Wengi humaliza masomo, wakangoja sana. Anayetafuta sifa tu atavunjika moyo. Basi, ee baba, usimwulize mtoto: «Utapata jina?» Umwulize: «Usiposhangiliwa, je, utaipenda bado kazi hii, na kuvumilia umaskini wake?» Akiitika kwa moyo mtulivu, mpe baraka yako.