Nani Anamkagua Mwenye Nyumba?

Kijana aliyekuja kuulizia chumba kwa mama yangu, Kisauni, alikuwa na karatasi zote. Kitambulisho, namba ya simu ya bosi wake wa zamani, dipoziti ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi mwingine mkononi. Mama alipomwuliza anafanya kazi gani akajibu, "Bodaboda, mama," na bila kuombwa akatoa leseni yake. Mama akaigeuza mbele na nyuma kama polisi wa barabarani. Akaridhika, akampa ufunguo.

Kijana hakuuliza chochote. Na angeuliza nini? Hakuna karatasi ambayo mama angeweza kumwonyesha.

Wiki ya tatu akapigwa na stima alipokuwa akichaji simu. Waya wa chumba kile uliungwa na fundi wa mtaani miaka mingi iliyopita, na sisi wa nyumbani tulijua una matatizo. Tulikuwa hata na jina lake: "ule waya." Hakufa, tunamshukuru Mungu. Alibaki na kidonda kiganjani na siku nne hakupanda pikipiki. Mimi nimesomeshwa na kodi ya vyumba hivyo sita, kwa hivyo sitajifanya mtu wa pembeni.

Kenya, ukitaka kubeba abiria kwa pikipiki, lazima uwe na leseni. Ukitaka kupikia watu hotelini, unapimwa afya upewe cheti. Ukitaka kumlaza mtu na wanawe chini ya bati lako, sheria za ujenzi zinaliangalia jengo, lakini wewe mwenyewe huhitaji leseni yoyote ya kuwa mwenye nyumba. Si kwamba serikali haikujui. Tangu Januari 2024 inadai asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba za kuishi, kwa anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hesabu yako inajulikana, waya wako haujulikani. Ipo pia sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, lakini inawalinda wa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu kitafute chumba hicho mjini leo.

Nilipomwambia mama kwamba watu kama yeye wangefaa kupewa leseni, aliweka kikombe chini. "Leseni ya nini, mwanangu? Nyumba ni yangu. Nimejenga na pesa za chama, na hakuna kanjo aliyeniletea hata tofali moja."

Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Lakini pikipiki ya yule kijana pia ni yake, aliinunua kwa mkopo, na bado leseni anadaiwa. Hadaiwi kwa sababu mali si yake. Anadaiwa kwa sababu nyuma yake amekaa mtu. Tena abiria yuko macho, anaweza kusema, "Wewe, punguza mwendo." Mpangaji aliyelala hawezi kumwambia mwenye nyumba kitu. Usiku mzima amemwachia mwingine amana ya roho yake, na huyo mwingine kwa kawaida yuko kwake, amelala pia.

Hapo mama alinipiga na swali ambalo bado linanisumbua: "Na kanjo akija akafunga vyumba, hao watalala kwako?"

Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 40. Lilikuwa tayari limeagizwa libomolewe. Agizo lilikuwepo, wapangaji walikuwepo, kodi ikaendelea kulipwa. Tunasema watu walipuuza. Mimi naona mpangaji alikuwa na njia mbili, ukuta wenye ufa au barabara, na alichagua ukuta. Leseni inayoishia kumtoa mpangaji nje inamwadhibu aliyekusudiwa kulindwa.

Wales, kule Uingereza, wamejaribu njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2014, mwenye nyumba wa kibinafsi lazima asajiliwe, na anayeisimamia mwenyewe asome kidogo kazi hiyo kabla ya kupewa leseni ya miaka 5. Kinachonivutia zaidi ni adhabu. Asiye na leseni hawezi kumwondoa mpangaji kwa notisi isiyo na sababu, na baraza la makazi linaweza kuamuru kodi isimame kabisa huku mpangaji akikaa palepale na haki zake zote. Yaani anayeumia ni mfuko wa mwenye nyumba. Sisemi tuibebe sheria hiyo ilivyo tuitue Kisauni, ambako kitu kidogo kingekula leseni kabla wino haujakauka. Lakini nimeona kwamba inawezekana kumbana mmoja bila kumfukuza mwingine.

Mama hakungoja sheria. Nilimsumbua mwezi mzima mpaka akaita fundi mwenye cheti, akabadilisha waya wote, vyumba sita. Gharama ilimtoa jasho. Mwezi uliofuata akaongeza kodi shilingi 500 kila mlango.

Yule kijana alilipa mara moja, kisha akahama. Alipokuja kurudisha ufunguo nilimwuliza anaenda wapi. Akasema amepata chumba cha bei nafuu, mbele kidogo. Nilitaka kumwuliza kuhusu waya wa huko. Sikumwuliza.