Pesa ya mtumbwi hainyamazishi upepo

Somo: Matendo ya Mitume 27:9-44



Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, tunajua habari ya kukodi mtumbwi. Watu wanakusanya pesa, wanalipa mtumbwi na motere, wananunua mafuta, wanachagua usiku usio na mwezi ili taa zivute ndagala na mikeke. Lakini wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unapiga kwa nguvu. Mwenye kuendesha anatazama maji, anasema: «Leo tusitoke.» Waliolipa wanajibu: «Na pesa yetu? Tumekwisha kuomba, Mungu yuko.»

Basi, tusikilize Somo. Paulo alikuwa mfungwa ndani ya merikebu yenye watu 276. Aliwaonya kwamba safari ile ingeleta hasara. Lakini akida aliwasikia zaidi nahodha na mwenye merikebu. Upepo wa kusini ukavuma polepole, wakadhani wamepata walilolitaka. Muda si mrefu tufani ikawashukia, wasione jua wala nyota kwa siku nyingi.

Wapendwa, sisi ni Kanisa la unabii. Tunapenda nabii anayesema: «Nenda, utashinda.» Lakini siku ile neno la Paulo lilikuwa la kuzuia. Neno la kuzuia nalo latoka kwa Mungu, hata likiletwa na mtu wa chini. Tumkumbuke Tata Simon Kimbangu, aliyekamatwa mwaka 1921, akafa mfungwa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Walimfunga mtu, neno hawakulifunga.

Mwingine atauliza: Je, kutoka wakati wa upepo si imani? Yesu hakunyamazisha dhoruba? Ndiyo, alinyamazisha. Lakini Shetani alipomwambia ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Tena Paulo, hata baada ya malaika kumwahidia kwamba hakuna atakayekufa, aliwazuia mabaharia wasitoroke, akawasihi watu wale chakula. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mikono.

Tarehe 3/10/2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, katika Ziwa Kivu, ikiwa imejaa watu kupita kipimo. Wengi walikufa. Tusimtwike Mungu mzigo ambao watu wenyewe walipakia.

Kwa hiyo tunawasihi: kabla ya kulipa, patana na mwenye mtumbwi kwamba upepo ukiinuka, safari itasogezwa siku nyingine na pesa haitapotea. Kila mtu avae jile ya kuokoa maisha. Maombi hayachukui nafasi yake. Nanyi mama zetu, msimcheke mume anayerudi na beseni tupu. Beseni tupu lililorudi pamoja na mwenyewe ni sababu ya kushukuru.

Merikebu ya Paulo ilivunjika, mzigo ukapotea, lakini wote 276 walifika nchi kavu. Neema ya Mungu ilikuwa kubwa. Hata hivyo, wangalisikia mapema, wangaliokoa na merikebu.

Bwana awalinde walio majini usiku huu. Amina.

Shemasi wenu