Je, Kutuma Ujumbe ni Kumtembelea Mgonjwa?

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya ulizo moja. Laonekana dogo, lakini limo katika kila nyumba ya Kolwezi penye simu na penye mgonjwa. Ulizo ni hili: mtu akimtumia mgonjwa salamu katika kikundi cha WhatsApp, je, amekwisha kumtembelea? Tena, akiitangaza shida yake mbele ya watu wengi ili asaidiwe, amemheshimu au amemwaibisha?

Wazee hujibu upesi: "Simu haina mikono, haimwinui mtu kitandani." Vijana nao hujibu: "Ndugu zetu wako Likasi, Lubumbashi, hata Ulaya. Bila simu, nani angejua kwamba baba anaugua?" Kila upande una sehemu yake ya kweli. Basi tusihukumu mbio. Tushike mfano wa ugonjwa mmoja, yaani ule wa mafigo, unaodumu miaka na miaka.

Kwa kawaida mtu huzaliwa na mafigo mawili, ukubwa wake kama ngumi, nayo yamekaa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kadiri ya milioni moja. Kwa siku moja mafigo huchuja maji ya damu kadiri ya lita 180. Karibu yote hurudi mwilini, na takataka hutoka katika mkojo, lita moja au mbili tu. Yakianza kuharibika, hayapigi kelele. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, naye angali akienda kazini. Maadui wake wakubwa ni damu kupanda na kisukari. Mwaka 2009 waganga wa hospitali walitoa habari za uchunguzi wao mjini Kinshasa: kati ya watu 503 waliopimwa, kadiri ya 12 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo, na walio wengi hawakujua.

Kwetu katika nchi ya shaba kuna neno jingine tena. Mwaka huohuo wa 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba mkojo wa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti nyingi, pia risasi, kadimiamu na uraniamu. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa mafigo ameugua kwa sababu ya vumbi. Lakini yajulikana kwamba risasi na kadimiamu si rafiki za mafigo.

Mafigo yakifa kabisa, njia kubwa zinazobaki ni hizi: kupewa figo la mtu mwingine, au kuungwa kwenye mashine ya kuchuja damu, kwa kawaida mara 3 kwa juma, kadiri ya masaa 4 kila mara. Mashine haiponyi. Yashika tu nafasi ya mafigo, na mtu akiiacha hakawii kufa. Kumbe, ugonjwa huu wachosha pia watu wa nyumba. Mgonjwa wa malaria hupona au hufa upesi, nasi twaweza kuwa wema kwa juma moja. Mgonjwa wa mafigo atudai wema wa miaka. Mwezi wa kwanza lupango limejaa watu. Mwezi wa sita amebaki mke wake peke yake, akihesabu vikombe vya maji ambavyo mume ameruhusiwa kunywa.

Hapa ndipo simu yaingia, na hapa hatuna budi kuungama kosa letu.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi. Alivimba miguu, kisha uso. Alipelekwa Lubumbashi kwenye mashine, safari ya kilomita 300 hivi, na watu wake walikwisha kuuza baiskeli, tena mabati. Sisi tuliokuwa tukiongoza kikundi cha majirani katika simu tulimwonea huruma. Mchana mmoja tulimkuta amelala, tukampiga picha, uso umevimba na shati limefunguka. Tukaandika jina lake na ugonjwa wake, tukaomba msaada. Kabla ya jua kutua watu tusiowajua walikuwa wametuma franka kwa simu. Tulifurahi mno.

Lakini picha ilikwenda mbali kuliko feza. Ilifika kwa watu aliokuwa akiwaongoza kazini zamani. Ilifika shuleni kwa binti yake. Tulipomletea habari njema, mzee aligeukia ukuta, akanyamaza. Halafu akasema: "Wanangu, aksanti kwa feza. Lakini mbona hamukuniuliza? Asubuhi nilikuwa macho."

Neno hilo lilituchoma. Nia yetu ilikuwa njema, na feza zilikuwa za kweli. Basi kosa lilikuwa wapi? Twaona lilikuwa hapa: shida ya mtu ni yake, kama nyumba yake ilivyo yake. Hata ukimletea mtu gunia la unga, hupiti mlangoni pake bila kusema hodi. Picha ya mgonjwa ni mlango wa nyumba yake. Sisi tuliufungua usiku, tukawaingiza watu elfu, halafu tukasema tulileta unga. Anayehitaji kusaidiwa hajapoteza haki ya kuulizwa.

Kosa la pili lilitoka kwa wengine, ingawa nasi tuliliacha lipite. Katika kikundi kilekile ulikuja ujumbe usio na mwandishi: chemsha mizizi fulani, unywe siku saba, nawe hutahitaji mashine. Waliousambaza hawakuwa watu wabaya. Lakini upendo usiouliza waweza kuua. Mwaka 1993 waganga wa Brussels walitangaza habari ya wanawake waliokunywa majani ya Kichina ili wapunguze unene. Hesabu yao ilipita 100, na wengi mafigo yao yalikufa kabisa. Hata vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huyadhuru mafigo yaliyokwisha kudhoofika. Na ndizi, maharagwe au sombe, vyakula vizuri kwa mwenye afya, vyaweza kumletea mgonjwa wa mafigo potasi ya kupita kiasi, hata moyo usimame. Kwa hiyo shauri lililomfaa mmoja lisitupwe kwa wote. Aulizwe mganga anayemjua mgonjwa.

Je, tuitupe simu? Hapana. Tulimwomba mzee msamaha, naye akakubali tufungue kikundi kingine, kidogo, cha watu tisa aliowachagua mwenyewe. Mmoja alitafuta gari la kwenda Lubumbashi. Mmoja alikumbusha siku za mashine. Mpwa wake aliyeko kule alijua saa ya kumpokea. Alipohitaji damu, watatu walipanda gari wakaenda kuitoa. Na wagonjwa wawili wa ugonjwa uleule, wa miji mingine, waliongea naye jioni juu ya kiu na hofu, maneno ambayo sisi wazima hatukuweza kumpa.

Basi tujibu ulizo letu. Ujumbe si matembezi, lakini waweza kuwa njia ya kufikia matembezi. Kipimo chake ni hiki: baada ya ujumbe kusomwa, nani ameinuka? Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, Richard Herrick alipona kwa figo la pacha wake Ronald, likiwa figo la kwanza kupandikizwa likafaulu muda mrefu. Barua na simu zaweza kumwita ndugu. Kulala kitandani ili apasuliwe, hilo ndugu mwenyewe alilifanya. Aliye Ulaya, salamu yake ya kila juma ni matembezi kadiri ya uwezo wake. Lakini akaaye nyumba tatu kutoka kwa mgonjwa, akatuma alama ya kidole gumba tu, huyo ametoa senti moja kutoka mfuko uliojaa.

Mzee yule alifariki baada ya miezi 14. Wale tisa walikuwapo. Lakini picha ile ya kwanza haikufa pamoja naye. Juzi mtu tusiyemjua alitutumia, uso uleule, shati lilelile, na chini yake namba ya simu isiyo ya watu wake, akiomba feza za kumpeleka hospitali.

Hatuna njia ya kuirudisha. Mjane wake ameiona pia, akatuuliza itakwisha lini, nasi tulikosa jibu. Ndiyo sababu twawaandikia ninyi, ndugu, ambao hamjatuma bado. Semeni hodi kwanza, mngoje mpaka mwenye nyumba aitike.